Siku Niliyosema Mti wa Mwewe Ukatwe

Wiki iliyopita jirani yetu hapa mtaa wa Majimbo alikata mti wake wa mukima, ile miti mirefu tunayopanda katikati ya kahawa ili itupe kivuli na kuni. Nilikuwa jikoni nikichambua maharagwe. Msumeno wa petroli ulipoanza kulia sikujali, maana mjini tumezoea kelele. Lakini harufu ilipoingia dirishani, utomvu mbichi uliochanganyika na petroli, niliyaacha maharagwe yakiwa bado yana mawe, nikatoka nikakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Mume wangu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia ni presha. Nimeishi naye miaka kumi na minne na sijawahi kumwambia kwamba nikiwa na miaka minane nilikatisha mti kwa neno langu mwenyewe, na kwamba neno hilo lilimuumiza mtu aliyenipenda kuliko watu wote duniani.

Wenzangu mliozaliwa pande za Embu na Meru hamhitaji kuelezwa desturi hii, lakini wengine nitawaeleza. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba. Hapewi jina tu, hupewa na nafasi ya mwenye jina. Mimi nilizaliwa miezi minne baada ya nyanya Igoki kuzikwa. Nikaitwa Igoki, na tangu siku hiyo baba yangu mzazi akawa ananiita Mama. Guka, ndiye babu yangu, akawa ananiita bibi yangu, kwa maana ya mke wake. Mahindi ya kwanza kutoka motoni yalikuwa yangu. Nikinuna, baba alitangaza kwamba Mama amekasirika na watu wote wanyamaze. Wageni waliponisalimia kama ajuza niliwajibu kwa sauti nzito, mikono nimeikunja kifuani, nao wakacheka mpaka wakafuta machozi. Shuleni nilikuwa Fridah, mtoto wa kamasi kama wengine. Nikivuka lango la nyumbani nilikuwa mwenye boma.

Boma letu lilikuwa juu ya mji wa Embu, mahali ambapo kahawa inaanza kupakana na majani chai. Katikati ya ua ulisimama mukima uliopandwa na nyanya mwaka alioolewa. Ulikuwa mkubwa kiasi kwamba tulihitaji watoto watatu kushikana mikono kuuzunguka. Juu kabisa, panapogawanyika matawi, mwewe wawili walikuwa na kiota chao. Kila mwaka mvua ndefu zilipokaribia walirudi, wakakikarabati kwa vijiti, mifuko ya plastiki na soksi za watu walizoiba kwenye kamba za nguo, kisha jike akalala juu ya mayai. Kuanzia hapo ua ulikuwa wao, na sisi tukawa wapangaji.

Mwewe akiwa na watoto hana mchezo. Hakupigi ukimtazama. Husubiri umpe kisogo, halafu unasikia upepo tu karibu na sikio, na kabla hujageuka kucha zimeshapita kwenye nywele. Kwa hiyo kwenye nguzo ya lango tulining'iniza sufuria mbili kuukuu na karai moja. Ukiingia unavaa yako kichwani, unavuka ua, unaiacha mlangoni ili anayetoka naye aivae. Tulikuwa tumezoea hata hatukuona kichekesho chochote, mpaka siku mwenyekiti wa akina mama wa kanisa alipokuja kututembelea na kofia yake ya manyoya. Mama alimpokea langoni na kumvisha sufuria iliyoungulia ugali juu ya kofia ile. Mama wa watu alitembea kwa heshima zake zote hadi mlangoni, na sufuria ikapigwa kweli, ikalia kama kengele. Baba alikuwa mwalimu, mtu wa kujizuia, lakini siku hiyo ilibidi aende nyuma ya zizi acheke peke yake.

Guka naye alipigwa kama sisi. Tofauti ni kwamba yeye hakulaani. Alisema, "Wamenisalimia," akaenda zake. Na kila asubuhi kabla ya uji alivaa sufuria, akatoka hadi chini ya mukima, akainua uso na kusema maneno polepole. Macho yake yalikuwa yameanza kuzibwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo alisimama akiwa ameelekeza sikio juu. Akimaliza, alirudi chumbani kwake na kukaa kwenye kitanda kilichokuwa chini ya dirisha.

"Guka, unaongeanga na nani?" nilimuuliza siku moja.

"Na Igoki."

"Si mimi niko hapa?"

Alicheka, akanipapasa kichwa. "Wewe uko. Na yeye pia ako."

Jibu hilo halikunitosha. Nilijua nyanya alikuwa ameugua kwenye kitanda kile kile na kwamba alikuwa akiwatazama mwewe dirishani mpaka akafa. Nikapiga hesabu zangu za kitoto nikapata kwamba yule jike ndiye nyanya. Alikuwa ameingia kwenye ndege. Jina lake nimelichukua mimi, mahindi yake nayala mimi, na mumewe anatoka kila asubuhi kwenda kumwamkia yeye kabla ya kuniamkia mimi. Mtacheka, lakini nilikuwa na wivu wa mke mwenza, mtoto wa miaka minane, na mke mwenzangu alikuwa na mabawa.

Kisha akanipiga. Nilikuwa nimerudi kutoka shuleni mbio kwa sababu ya mvua na sikuchukua sufuria. Kucha zilinichana kutoka utosini hadi karibu na sikio. Mama alininyoa kipara, akanipaka dawa ya zambarau, na kesho yake darasa zima likaniita bibi ya mwewe. Katika akili yangu hapakuwa na shaka tena: Igoki wa juu alikuwa anataka jina lake. Sikumwambia mtu. Nilianza kuutazama mti ule kama unavyomtazama mtu anayekaa kwenye kiti chako.

Wiki mbili baadaye ilikuwa zamu ya ndugu yangu Mwaniki, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Alitambaa nje akiwa na kipande cha chapati. Mwewe alichukua chapati na kumwachia mkwaruzo chini ya jicho, mwembamba tu, lakini ungepanda juu kidogo angekuwa chongo leo. Jioni hiyo mama hakupika. Alisimama mbele ya Guka na mtoto mkononi.

"Baba, hii mti ikatwe. Mimi sitangoja mpaka mtoto atolewe jicho."

Guka alikuwa amemshika Mwaniki mguu, anaupapasa. "Mama Igoki, pole. Pole sana. Lakini hii mti si yangu. Ilipandwa na Igoki. Siku Igoki atasema ikatwe, itakatwa."

Mama akageuka akaingia ndani. Baba alitazama chini. Alikuwa mwanamume wa miaka karibu arobaini, anawachapa watoto wa watu shuleni, lakini mbele ya baba yake hakuwa na mdomo. Sote tulielewa maana ya maneno ya Guka: mwenye mti yuko kaburini, mambo yamekwisha. Nasema sote. Hata mimi nilielewa, na hapo ndipo pananiuma. Miaka mingi nimejitetea kwamba nilikuwa mtoto, nilidhani anamaanisha mimi. Si kweli. Nilijua kabisa alimaanisha nani.

Mwezi huo Guka alipata nafasi ya kutolewa mtoto wa jicho hospitalini kule Meru. Angekaa kwa dada yake Makutano, huko huko Meru, mpaka bandeji itolewe. Asubuhi ya safari alivaa koti lake la Jumapili, akaniita kando.

"Bibi yangu, watoto wao wametoka kwa mayai?"

"Wametoka. Wako wawili."

"Sawa. Mwaka huu nataka niwaone kwa macho. Miaka mitatu sijawaona, nasikianga tu. Nikirudi nitakuta hawajaruka. Wewe uniangalilie."

Nikamwambia nitaangalia. Akanipa mkono kama mtu anayeagana na mkewe, akavaa sufuria, akaenda hadi langoni, akaitungika kwenye nguzo yake.

Siku ya pili baada ya kuondoka kwake, fundi wa msumeno alikuja. Sijui ni nani aliyemwita, baba au mama, na sijawahi kuuliza. Alifunga kamba kwenye shina, akamimina petroli kwenye msumeno, akawa tayari. Mwewe walikuwa wanazunguka juu wakipiga mluzi ule wao mrefu. Baba alikuwa amesimama na sufuria kichwani, uso umemkauka. Aliangalia barabara ya kutoka mjini kana kwamba Guka angetokea. Kisha akanitazama.

Alikuja akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa anatabasamu, lakini si tabasamu lake. "Mama," akasema, "hii mti tukate ama tuiache?"

Fundi akacheka. Mama hakucheka. Alikuwa mlangoni amembeba Mwaniki, ananitazama moja kwa moja, na nikaona anangoja jibu langu kwa dhati. Watu wazima watatu wananingoja mimi. Juu kwenye kiota nilisikia makinda wakilia, sauti nyembamba, zile walizotoa kila mama yao alipokaribia na chakula. Nilisikia vizuri. Hata leo nikitaka nazisikia.

"Kateni," nikasema.

Ingekuwa nimeishia hapo labda ningepata usingizi mzuri zaidi maishani. Lakini niliona haitoshi, haikuwa na uzito wa ajuza. Nikakunja mikono kifuani, nikatumia ile sauti nzito iliyozoea kuwachekesha wageni, nikaongeza, "Nimechoka nayo." Nilikuwa nimewasikia wanawake wakisema hivyo juu ya ng'ombe wakaidi na waume walevi, nikaona ni maneno ya mtu mkubwa.

Mti ulianguka upande wa kahawa. Kiota kilipasuka kabla hakijagusa ardhi. Kinda mmoja alikufa papo hapo. Wa pili tulimkuta kwenye majani, amefungua mdomo wa waridi, anatutishia. Baba alimweka kwenye karai na vipande vya nyama, hakula. Kufikia jioni alikuwa amelala ubavu. Nilimzika mimi mwenyewe chini ya mkahawa, kwa sababu niliambiwa nimwangalie. Wale wazazi wawili walizunguka juu ya pengo siku tatu. Hawakumpiga mtu yeyote. Tulivuka ua vichwa wazi, na mama akasema angalau sasa mtu anaweza kuanika mahindi kwa amani. Mimi nilingoja nisikie furaha ya kubaki Igoki peke yangu. Haikuja.

Guka alirudi siku ya tano, hakungoja bandeji itolewe. Nilikuwa kwenye veranda nikamwona akishuka barabarani, jicho moja lina bandeji nyeupe, lingine bado ni la ukungu. Alitembea haraka kuliko kawaida yake. Alipofika langoni alipapasa nguzo, akaitoa sufuria, akaivaa vizuri kichwani, na kuanza kuvuka ua. Alikuwa ameinamisha shingo kama tulivyozoea kuinamisha. Hakuna ndege hata mmoja aliyekuwa juu. Mama alikuwa kwenye mlango wa jikoni, baba alikuwa anakama ng'ombe zizini akaacha, na mimi nilikuwa hapo. Tulimwacha mzee mwenye jicho moja avuke ua mzima na sufuria kichwani, anajikinga na kitu ambacho sisi tulishakiua.

Alisimama mahali ambapo kivuli kilipaswa kuanza. Jua lilikuwa linampiga miguuni. Akatega sikio, kwa muda mrefu.

"Iko wapi?" akauliza.

Baba alikuja akipangusa mikono kwenye suruali. "Baba, ni Igoki alisema."

"Nani?"

"Igoki. Nilimuuliza mbele ya watu. Alisema tukate. Alisema amechoka nayo."

Guka akageukia upande wangu. Hakuniona vizuri, alinitafuta kwa uso. "Bibi yangu, ulisema hivyo? Kwamba umechoka?"

Hapa ndipo ningeweza kuokoa kila kitu kwa sentensi moja. Ningesema, Guka, ni mimi tu, ni Fridah, nilikuwa na hasira kwa sababu alinipiga. Angenichapa labda, au angelia, kisha ingekuwa kosa la mtoto, na makosa ya watoto husahaulika. Lakini kusema vile kungekuwa kukubali kwamba mimi si Igoki, na mimi nilikuwa nimeua ndege wawili ili niwe Igoki.

"Ndiyo," nikasema.

Akaivua sufuria. Akaishika kwa mikono miwili kifuani. "Haya. Kama Igoki amesema, amesema." Akaingia chumbani kwake.

Hakuwahi kumgombeza mtu. Alikihamisha kitanda kutoka dirishani akakiweka kwenye ukuta wa ndani. Asubuhi hakutoka tena kabla ya uji. Bandeji ilipotolewa jicho lilikuwa limepona vizuri, na watu walipomuuliza anaona nini sasa, alijibu kwamba anaona vya kutosha.

Nilikuwa nimeshaolewa baba aliponieleza zile asubuhi za Guka zilikuwa za nini. Nyanya alipokuwa mgonjwa, kutoka kitandani aliona upande mmoja tu wa kiota. Kwa hiyo alimtuma Guka kila asubuhi akaangalie upande wa pili, arudi amweleze: jike ameamka, dume ameleta panya, kinda mdogo anaonewa na mkubwa. Alipokufa, Guka aliendelea kwenda. Alikuwa anamweleza mkewe habari za ndege. Ndege walikuwa ndege tu. Baba alinieleza haya tukila, akicheka kidogo, kama mtu anayesimulia ukaidi wa wazee, na mimi nikamwomba chumvi.

Lakini la kwanza kunitesa si mti, wala si ndege. Ni miaka mitano iliyofuata, kwa sababu Guka aliamini. Aliamini kwamba mkewe alikuwa ameona uangalizi wake, na umemchosha, na amemtumia mtoto kumwambia aache. Alianza kunishughulikia kwa uangalifu, kama mtu aliyeonywa. Nikisukuma sahani aliuliza, "Umechoka nayo?" Nikitoka chumbani akiwa katikati ya hadithi alikatiza, hakuimalizia siku nyingine. Mara moja aliniomba msamaha kwa sababu ya jambo lililotokea kabla baba hajazaliwa, jambo la safari na shuka, sikulielewa, nami nikaitikia kwa kichwa kwamba nimemsamehe. Na nilifurahia. Naandika hili kwa aibu. Nilikuwa nikimtuma mzee yule chai, nikimtuma kiti, naye anaenda.

Aliugua nikiwa darasa la nane. Hakutaka hospitali, kwa hiyo tulimtunza nyumbani, na mchana zamu ilikuwa yangu nikitoka shule. Siku moja nilikuwa namlisha uji kwa kijiko. Aliusukuma mkono wangu taratibu.

"Igoki," akasema. "Nataka kukuuliza kitu na usinifiche. Ile siku ulisema umechoka. Ulichoka na nini? Ndege ama mimi?"

Nilikuwa mkubwa wa kutosha sasa kuelewa anachouliza na anayemuuliza. Uji ulikuwa unapoa. Nilifikiri kumwambia ukweli, na nilifikiri jinsi atakavyolala hapo akijua kwamba miaka mitano yote alikuwa akimwomba radhi mtoto. Nikachagua jibu nililodhani lina huruma.

"Ndege," nikasema. "Nilichoka na kelele yao."

Alinitazama kwa lile jicho lililopona. Alinitazama sana, kuanzia paji la uso hadi kidevuni, kama anayesoma barua aliyokuwa akisomewa na watu siku zote.

"Igoki hangechoka na ndege," akasema.

Tangu nijue kusema, Guka akinituma kwa baba alikuwa akisema, "Niitie kijana wetu," wake na wangu. Sasa aligeuza kichwa ukutani, na kwa upole ule ule ambao mtu humsemesha nao mtoto wa jirani aliyeingia kwa bahati mbaya, akaniambia, "Mtoto, niitie baba yako."

Nikaweka kijiko chini, nikaenda nikamwita.